Uzi: Babu "alichukuliwa na Mjapani" vita vya Hitila. Mateka wa miaka ya arobaini anatafutwaje?

Kijana_wa_Voi:
Wakuu salamu zenu. Naombeni msaada kwa wenye uzoefu wa kufuatilia watu waliopotea vitani, hasa waliotekwa.

Babu yangu (ni kaka mkubwa wa babu mzaa baba ila kwetu ni babu tu hakuna mkubwa na mdogo) aliingia Keya (jeshi la Mwingereza la Waafrika) kutoka Taita, akapanda meli Kilindini, basi. Hakurudi. Hakuna kaburi, hakuna barua, hakuna hata picha. Kuna maneno matatu tu ambayo bibi aliyashika mpaka anafariki: "alichukuliwa na Mjapani". Chifu ndiye alikuja kumwambia hivyo, yeye chifu alisomewa barua na karani wa DC.

Sisi wajukuu tumekua tukijua babu alikuwa mateka. Kuna mjomba alikuwa anasimulia hadi kambi ilivyokuwa, walivyojengeshwa reli kule Bama (Burma) kwa njaa na fimbo, sijui aliyatoa wapi maana yeye mwenyewe kazaliwa 1951. Na kuna mwengine anaapa babu alioa huko huko. Tunacheka lakini bibi alikuwa hacheki, hakurithiwa wala hakuolewa tena kwa sababu mumewe yupo, yupo kwa Mjapani.

Nilichonacho: jina lake, na namba iliyoandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya kibweta cha chuma. Namba hiyo nimeituma sehemu tatu nje ya nchi kwa imeili, wote wamejibu kwa upole kwamba hawana kitu. Sasa kuna jamaa kanifata inbox anasema nimtumie hela ya kuanzia amtafutie kwenye "sistimu ya Geneva". Nimtumie?

ChiziWaPwani:
Nitumie mimi nitakutafutia hadi babu yake yeye

Bwana_Karani:
Usitume hata shilingi. Nimefanya kazi za masijala miaka mingi na haya mambo ya mateka nimeyafuatilia kwa ajili ya familia kadhaa, hilo la kwanza kabisa ndo nawaambiaga. Msalaba Mwekundu hawatozi hela kutafuta mtu. Arolsen kule Ujerumani, hifadhi ya nyaraka za walioteswa na Wanazi, hawatozi, na nyaraka zao nyingi unazitafuta mwenyewe mtandaoni. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, ile CWGC, databesi yao ni bure hata kwa simu. Anayetaka hela anakwenda kuandika jina kwenye kisanduku kile kile ambacho wewe ungeandika.

Sasa tuelewane mateka anaachaje alama maana watu wanadhani kuna kitabu kimoja kikubwa mahali. Hakuna. Mtu akitekwa, yule aliyemteka anatakiwa amwandike, jina na namba, halafu orodha ipelekwe Geneva ambako Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ina ofisi ya kutafuta watu tangu 1914, na Geneva ndo inapeleka habari kwa upande wa pili. Kwa hiyo mateka mmoja anaweza kuwa na karatasi tatu, kwa aliyemteka, Geneva, na kwa jeshi lake. Kadi za vita vya kwanza zimewekwa mtandaoni, mamilioni kwa mamilioni, unafungua unasoma mwandiko wa karani wa wakati ule. Za vita vya pili hazijawekwa wazi, unaomba kwa fomu, na fomu inafunguliwa kwa vipindi kisha inafungwa wakishajaza idadi yao. Ukikuta imefungwa usipanik, rudi baadae.

Kwa Mjapani kuna tatizo lake. Ule mkataba wa mateka wa 1929 Japani ilitia saini lakini haikuridhia, ikasema itaufuata kwa kadiri, tunajua kadiri ilikuwa ipi. Orodha zilichelewa, nyingine nusu nusu. Lakini kadi zao zipo, Waingereza walizichukua vita vilipoisha na leo ziko kwenye hifadhi yao ya nyaraka London, fungu WO 345. Kadi ya aliyefia kambini utaona imepigwa mistari myekundu ya mshazari. Wale waliokuwa kwa Mjerumani wako WO 416.

Kijana, naomba picha ya hiyo karatasi. Funika jina.

Mjukuu_wa_Karia:
Nafatilia huu uzi kwa karibu. Huku kwetu ni vita vya kwanza, babu wa babu alibebeshwa mizigo na Mwingereza, akashikwa na upande wa Mjerumani, akabebeshwa tena mizigo ile ile kuelekea kusini. Sasa huyo ni mateka au ni mpagazi? Kwenye karatasi za nani?

Bwana_Karani:
Kwa bahati mbaya mara nyingi hayumo kwa yeyote. Mpagazi alihesabiwa kama mzigo wenyewe, vichwa mia tano vimetoka vichwa mia tatu vimefika. CWGC wenyewe walitoa ripoti yao 2021 wakakiri kwamba watu wasiopungua 116,000 na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa popote kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ile sanamu ya askari pale Dar na zile za Nairobi na Mombasa ndo ziliwekwa kwa niaba ya wote. Jina la mtaa wa Kariakoo, lililotoka kwa Carrier Corps yaani kikosi cha wapagazi, lina kumbukumbu kuliko makaratasi.

Lakini usikate tamaa, ulizia kwanza kama kuna medali nyumbani. Za Mwingereza za vita vya kwanza zina jina na namba vimechongwa pembeni kwenye ukingo, igeuze ubavu kwenye mwanga. Za vita vya pili kwa kawaida ni tupu.

ChiziWaPwani:
Hapo kwenye kuthibitisha, si kuna ile inasimuliwa miaka ya sitini Mjerumani alipokuja Mwanza kulipa askari wake wa zamani, vyeti hawana wazee wa watu, mzungu akawapa ufagio akaanza kutoa amri za gwaride kwa Kijerumani, wote wakacheza sawasawa. Mimi wangenipa ufagio ningefagia

Mama_Lulu:
😂😂 lakini mwenzenu hiyo inaniliza pia. Miaka hamsini mtu bado anajua "geuka kulia" ya kizungu.

Kijana_wa_Voi:
Karani hii hapa picha. Karatasi imechoka sana, imekunjwa mara nne, kwenye mkunjo pameshatoboka. Juu ina namba, chini kuna madole sijui alama za vidole, na upande wa nyuma kuna mistari imeandikwa tarehe, jina la mzungu fulani, na mshahara. Kibweta chenyewe kina tundu la kamba.

Bwana_Karani:
Mzee hiyo si karatasi ya jeshi. Hicho ni KIPANDE. Kila mwanaume wa Kiafrika Kenya ya mkoloni alitembea nacho, kinavaliwa shingoni kwenye hicho hicho kibweta, na huo upande wa nyuma ni waajiri, lini kaanza kazi, lini kaachishwa, analipwa nini. Umetuma namba ya kipande London na Geneva, ndiyo maana wamekujibu kwa upole. Ni kama umetuma namba ya bima ya afya kuulizia pasipoti.

Namba ya jeshi ni nyingine kabisa. Ukiipata na mbele yake kuna herufi, usizidondoshe hizo herufi, bila hizo unaweza kupata watu wanne.

Na soma hiyo tarehe ya mwisho upande wa nyuma. Mzungu wa mwisho alimwachisha lini?

Kijana_wa_Voi:
Yani mi miezi minane nimekuwa natuma namba ya kipande dunia nzima. Sawa. Tarehe ya mwisho inasomeka kama 1942, mwezi umekatika kwenye mkunjo.

Mama_Lulu:
Jamani mi si mtaalamu wa makaratasi ila niulize kitu cha kikekike. Bibi alikuwa na watoto na huyo babu? Mtoto wa mwisho kazaliwa lini?

Kijana_wa_Voi:
Mmoja tu, shangazi yetu, yupo hai. Na hapa umenigusa kwenye kitu, shangazi huwa anasema baba yake aliondoka yeye akiwa tumboni, bibi alikuwa hajajua hata kama ana mimba, mvua za masika zilikuwa bado. Cheti chake cha ubatizo cha misheni kinasema kazaliwa Agosti 1944.

Bwana_Karani:
Mama Lulu kiti chako hiki hapa kaa.

Kijana, sikiliza halafu usikimbilie kumwambia shangazi kitu chochote. Rudisha nyuma kutoka Agosti. Babu alikuwepo nyumbani karibu na Novemba au Disemba 1943, pengine ni likizo ya mwisho kabla ya kuvuka bahari, na kaondoka Kilindini kabla ya masika. Mwezi Februari 1944 ulitoka msafara wa meli Mombasa kwenda Colombo. Ndani yake kulikuwa na meli inaitwa Khedive Ismail, na humo walikuwa vijana wetu wa mizinga, rejimenti ya 301 ya East African Artillery, pamoja na manesi na mabaharia. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldivi, mchana, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga. Meli ilizama kwa dakika chache sana, hapakuwa na muda wa kushusha maboti. Waliokuwemo walizidi 1,500 na waliokufa ni karibu 1,300. Manowari mbili za Waingereza zikaigeukia ile nyambizi, na ili kuiua zikalazimika kurusha mabomu ya majini pale pale ambapo watu walikuwa wanaelea. Sehemu hiyo huwa sipendi kuisimulia.

Na vita ikiendelea mambo kama haya hayakutangazwa. Familia inaletewa "hajulikani alipo". Karani wa DC anamsomea chifu kwa Kiingereza, chifu anamwambia mjane kwa Kitaita au Kiswahili. Mpaka ifike kwenye kizingiti cha nyumba imekuwa "alichukuliwa na Mjapani".

Sasa jiulize. Kwetu sisi mtu akisema "mto umemchukua", anamaanisha nini?

Mjukuu_wa_Karia:
Duh.

Kijana_wa_Voi:
Nimesoma mara tatu hilo swali la mwisho. Mto ukimchukua mtu hatumuiti mateka wa mto.

Bwana_Karani:
Bado ni dhana. Kinachonisukuma huko ni kwamba ile divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipofika Bama, kuanzia Agosti 1944 ilikuwa inasonga mbele bonde la Kabaw kwenye tope la mvua hadi Kalewa mwezi Disemba, Mjapani ndiye alikuwa anarudi nyuma. Na ile reli ya Bama na Siam anayosimulia mjomba wako ilishakamilika 1943, babu yako akiwa bado hajaondoka. Kwa hiyo ya reli muachie mjomba.

Fanya hivi. Ingia CWGC, usianze na jina. Weka tarehe ya kifo 12 Februari 1944, weka jeshi la Afrika Mashariki, zitatoka mamia. Zishushe kwenye eksel halafu zisome kwa sauti, SI KWA MACHO. Karani Mwingereza aliandika alichokisikia. Mwakio anaweza kuwa Mwachio, Muakio, Makio. Jina la baba linaweza kuwa mbele na lake nyuma. Wengine waliandikishwa kwa jina moja tu. Wengine walitoa jina la utani kwa sababu walitoroka shamba la mzungu na kipande kinawatafuta, hao ndo wagumu.

Kamau_wa_Rironi:
Niingilie kidogo, kwetu si Mjapani ni serikali yenyewe. Ndugu ya guka (babu) alibebwa Nairobi kwenye ule msako wa Anvil Aprili 1954, mtu anasema alionekana kambi ya Manyani baadae ya Mackinnon Road, halafu kimya. Huyo naye kwa Geneva atakuwepo?

Bwana_Karani:
Usitegemee Geneva kwa huyo. Mwingereza alikuwa haviiti vita, aliita Hali ya Hatari, na walioshikwa aliwaita mahabusu si mateka, kwa hiyo utaratibu wa kupeleka orodha Geneva haukuwagusa. Anza hifadhi ya nyaraka ya taifa pale Moi Avenue Nairobi, faili za wilaya na za kambi. Halafu kuna yale mafaili Waingereza walihama nayo wakayaficha hadi ile kesi ya wazee wa Mau Mau ilipowalazimisha kukiri 2011 kwamba wanayo, sasa yako wazi London kwa namba FCO 141. Ni ya kiofisi zaidi kuliko ya majina, lakini kuna familia zimepata humo.

Dada_wa_Uvira:
Nyie mnatafuta mababu, mimi niliandika barua ya Msalaba Mwekundu kwa mdogo wangu wa tumbo moja. Ile fomu unaandika habari za familia tu, mama mzima, mtoto kazaliwa, hauandiki siasa wala mambo ya jeshi maana inasomwa njiani. Ilichukua miezi mingi. Ikarudi na mistari minne, mwandiko wake, ile herufi yake ya "k" anaipindaga. Nimeilaminisha. Kwa mwenye ndugu aliyepotea vita vya sasa msikae, nendeni ofisi ya Msalaba Mwekundu iliyo karibu, ndugu mwenyewe ndiye anafungua ombi, na mkija na majina ya wazazi wake wote wawili na sehemu ya mwisho alipoonekana inasaidia sana.

Mama_Lulu:
Mungu akuwekee mdogo wako dada.

Mjukuu_wa_Karia:
Niongezee kwa faida ya wengine, hapo Arolsen msidhani ni Wayahudi na Wazungu tu. Yule Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam 1904, alikuwa askari mtoto wa Mjerumani vita vya kwanza, akaenda Berlin 1929 kudai mshahara wake, akabaki, akaoa, mwaka 1941 wakamkamata na akafia kambi ya Sachsenhausen 24 Novemba 1944. Kuna kijiwe chenye jina lake kwenye lami Berlin. Mtu wa kwetu kabisa.

ChiziWaPwani:
Yani alifata mshahara. Leo sina utani.

Kijana_wa_Voi:
Wakuu nimerudi, samahani nilikaa kimya wiki tatu.

Nilifanya kama Karani alivyosema. Siku ya kwanza kwa macho sikupata. Usiku wa pili nikamkalisha mke wangu pembeni nikawa nasoma kwa sauti, yeye anasikiliza huku anachambua mchicha, mimi nimeshapita jina yeye ndo akasema "hebu rudia". Jina la baba yake liko mbele, lake liko nyuma na herufi moja imebadilika. Gana (askari wa mizinga) wa East African Artillery, 12 Februari 1944. Na kwenye maelezo ya ziada kuna jina la mke, jina la bibi, limeandikwa vizuri kabisa, na Voi. Hapo ndo nilifunga kompyuta.

Jumamosi nikapanda treni ya SGR hadi Nairobi nikaenda makaburi ya vita yale ya Ngong Road. Nilikuwa nimeyapita kwa matatu mara nyingi tu nikidhani ni ya wazungu. Ndani kuna mnara wa wasio na kaburi, majina yamepangwa kwa vikosi. Kijana mtunza bustani alinisaidia, akauliza kikosi, akaniongoza moja kwa moja bila kuangalia popote, anasema wanaokuja kwa ajili ya hiyo meli si wengi lakini wakija huwa wanakaa sana. Jina lipo juu kidogo ya usawa wa macho yangu. Nilileta karatasi na penseli nikatia alama kwa kusugua kama tulivyokuwa tunafanya na sarafu shuleni, imetoka.

Juzi nimempelekea shangazi. Nilijiandaa maneno njia nzima. Nikamweleza meli, tarehe, mahali. Hakulia. Aliuliza maswali mawili, la kwanza ilikuwa saa ngapi, nikamwambia mchana. La pili akauliza, "kwa hiyo hakufungwa?" Nikamwambia hakufungwa, hakufika hata huko. Akakaa. Halafu akasema mama yake alikuwa kila akipika anabakiza, na wao walikuwa wanamsema kwa hilo.

Familia imekubaliana tufanye matanga, mwezi ujao, karatasi ile ya penseli ndo itakaa mezani. Mjomba wa reli ya Bama amenuna hadi leo.

Mama_Lulu:
Nimeshindwa kuandika chochote. Mpe shangazi pole yangu.

Bwana_Karani:
Pole sana kijana, na hongera kwa mkeo. Hiyo ya jina la mjane kuwepo hapo ina maana kuna faili la malipo mahali, askari akifa haki zake zilipitia kwa DC. Kama hakulipwa, angalau utajua nani alisaini. Moi Avenue pale pale, omba faili za wilaya ya Taita za 1944 hadi 1946.

Kijana_wa_Voi:
Nitakwenda. Ila nina swali kabla, hiyo herufi moja iliyokosewa kwenye jina, wanaweza kurekebisha au ndo limeshachongwa limechongwa?

Bwana_Karani:
CWGC wanapokea maombi ya kurekebisha, kinachotakiwa ni ushahidi wa maandishi wa wakati ule ule, si kiapo cha leo. Databesi inaweza kubadilishwa mapema, jiwe litachukua muda wake. Una maandishi gani yenye jina lake sahihi ya kabla ya 1944?

Kijana_wa_Voi:
Kipande 😀

Bwana_Karani:
Basi hicho hicho. Kipige picha pande zote mbili, na ule mkunjo uunyooshe taratibu usije ukachanika.

Kijana_wa_Voi:
Shangazi amekataa kisitoke nyumbani. Jumapili naenda kukipigia huko huko, Jumatatu natuma.